Jinsi ya kuanzisha kamati ya kubana umeme na mkaa katika mji mdogo

Mwangaluka. Nimeandika mwongozo huu kwa sababu maswali ni yale yale. Simu inaita, mtu yuko Kaliua, au Sikonge, au Nzega: "Katibu, ninyi hapo Urambo mlianzaje? Inahitajika hela kiasi gani? Tusajili kwanza? Tukifika kwa watu tuwaambie nini?" Nimeyajibu kwa simu mpaka nikaona ni heri niyaweke yote mahali pamoja, na wewe ukikwama urudi kuyasoma.

Jambo moja nitalirudia mpaka utanichoka: pimeni kwanza, semeni baadaye. Mkutano wetu wa kwanza tulizungumza saa nzima juu ya mazingira na mabadiliko ya tabianchi. Watu walisikiliza kwa adabu, wakashukuru, na mkutano wa pili hawakuja. Waliporudi ni pale tulipoacha hotuba, tukaenda uani kwa jirani, tukachomeka pasi yake na kuhesabu taa ya mita yake mwenyewe.

Mnavyohitaji kabla ya kuanza

Watu watano hadi tisa wanatosha. Wakizidi hapo, vikao vinageuka mikutano. Angalieni sana ni akina nani. Tafuteni fundi umeme mmoja mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), kwa sababu mtaulizwa mambo ya nyaya na hamna ruhusa ya kuyagusa. Mtafuteni mama lishe, kwa kuwa hakuna anayejua mkaa kama yeye. Awepo mpangaji anayeishi nyumba ya mita moja na wenzake, na mtu mmoja asiyeogopa hesabu. Mzee mwenye heshima mtaani atawafungulia milango ambayo ninyi vijana mtabisha hadi jioni.

Vifaa vyenyewe ni hivi:

- daftari la kaunta, moja la kamati na moja dogo kwa kila mjumbe
- simu yenye saa ya kuhesabu sekunde
- mizani ya kuonyesha gramu, hata ya kuazima dukani
- sufuria mbili za ukubwa mmoja, zote na mifuniko
- jiko la kawaida la bati na jiko banifu lenye udongo ndani
- debe au kopo la bati lenye mfuniko, la kuzimia mkaa
- kapu kubwa na blanketi kuukuu
- noti ya shilingi 1,000 (utaona kazi yake)

Hela za kuanzia ni kidogo mno. Sisi tulichanga za daftari na maharage. Msisubiri mfadhili, kwa sababu kamati inayosubiri mfadhili husubiri mpaka wajumbe wanasahau walikusanyika kwa ajili ya nini.

Hatua kwa hatua

1. Piga hodi kwa wenye mtaa. Nendeni kwa mwenyekiti na kwa mtendaji wa kata, mwaeleze mnachotaka kufanya, mwache majina yenu na namba za simu. Usajili si wa siku ya kwanza. Mkishaona kazi inakwenda, muoneni Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri awaelekeze jinsi ya kusajili kikundi.

Onyo: msijitambulishe kamwe kwa namna itakayomfanya mtu adhani mnatoka TANESCO, shirika la umeme. Msivae fulana za rangi yao, wala msiombe kuona namba ya mita ya mtu kabla hajawakaribisha. Matapeli wamepita kwenye milango hiyo hiyo kabla yenu.

2. Anzeni na nyumba zenu. Kila mjumbe aandike kwa wiki mbili: uniti zilizobaki kwenye mita kila siku saa ile ile, umeme alionunua, na mkaa alionunua kwa kipimo chochote anachotumia, iwe kopo, ndoo au gunia. Msiruke hatua hii hata kama mnaona aibu na takwimu zenu. Mtu wa kwanza mtakayemtembelea atauliza, "Na wewe kwako unatumia kiasi gani?" Ukikosa jibu hapo, umekwisha.

3. Jifunzeni kusoma risiti ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla. Nusu ya malalamiko ya "uniti zinaliwa" huisha hapa, kwa hiyo tulieni nayo.

Ukinunua umeme, hela yako haiendi yote kwenye uniti. Juu ya bei ya umeme kuna VAT asilimia 18, REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 na EWURA asilimia 1. Halafu manunuzi ya kwanza ya mwezi hukatwa kodi ya jengo. Ndiyo maana mtu ananunua wa 5,000 tarehe moja, anapata uniti chache, anasema ameibiwa. Akinunua tena wa 5,000 tarehe kumi anapata nyingi zaidi. Asiponunua umeme miezi kadhaa, kodi hiyo inamsubiri na inakatwa kwa pamoja.

Jambo la pili ni kundi la mteja. Kwa bei zilizoanza Aprili 2016, nyumba yenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti, na ikijumlishwa kodi na tozo inakuwa 122. Mteja wa kawaida hulipa 292, yaani kama 356 mkononi. Ndiyo ile elfu kumi inayotoa uniti 28. Sasa mwenye matumizi madogo akivuka 75, kila uniti ya ziada ni 350 kabla ya tozo, sawa na 427. Hebu itazame: uniti ya 75 ameipata kwa shilingi 122, uniti ya 76 kwa 427. Mwezi mzima wa uniti 75 unagharimu shilingi 9,150 ukiacha kodi ya jengo. Akizoea kuvuka, anahamishwa kundi na kila uniti inakuwa ya 356.

Hapa ndipo penye faida kubwa ya kubana umeme kwa familia nyingi za mji kama wetu. Anayetumia uniti 85 akipunguza kumi tu, amebaki upande wa bei nafuu. Mfundisheni kila mtu aujue mstari huo wa 75 na aulinde kama mpaka wa shamba.

4. Pimeni kifaa kwa taa ya mita. Hii ndiyo hatua inayojaza uani watu. Kwenye mita kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni yake pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh, au 1600, au 3200. Maana yake ni kwamba taa hupepesa mara hizo kwa kila uniti moja.

Fanyeni hivi:

a) Zimeni kila kitu ndani ya nyumba, pamoja na chaja za simu.
b) Washeni kifaa kimoja mnachotaka kupima.
c) Chukueni ile namba ya mita, mgawanye kwa 100. Kama ni 1000 mtahesabu mipepeso 10. Kama ni 1600, mipepeso 16.
d) Taa ikipepesa, anzeni kuhesabu sekunde, na pepeso hilo la mwanzo ni sifuri. Mkifika idadi yenu, simamisheni saa.
e) Gawanyeni 36,000 kwa sekunde mlizopata. Jibu ni wati za kifaa hicho.

Tuseme ni pasi na mmepata sekunde 36. Gawa, unapata wati 1,000. Pasi hiyo ikinyooshea kwa saa moja mfululizo imekula uniti moja. Mpeni mwenye nyumba simu ashike saa yeye, na watoto wahesabu mipepeso kwa sauti. Mama mmoja hapa mtaani alikuwa akilaumu taa za nje kila mwezi. Tulipopima taa zake za LED, tulisubiri pepeso hadi tukadhani mita imekufa. Tukachomeka hita ya ndoo ya kuchemshia maji ya kuoga. Mita ikaanza kupepesa kama taa ya pikipiki inayokata kona. Hatukuongeza neno. Alikwenda mwenyewe akaichomoa, akaikunja waya na kuiweka juu ya kabati.

Makosa ya kuepuka: pasi hujizima yenyewe ikishapata joto, kwa hiyo hesabuni wakati taa yake ya pasi inawaka tu. Na msitumie njia hii kwa friji, kwa kuwa nayo huwaka na kuzima.

Balbu hazihitaji hata kupimwa, hesabu yake ni ya kichwani. Balbu ya kizamani yenye uzi, wati 60, ikiwaka kwa muda wa saa tano kila usiku inakula uniti 9 kwa mwezi. LED ya wati 9 inayotoa mwanga unaokaribiana na huo inakula uniti moja na theluthi hivi. Kwa anayelipa 356, tofauti ni zaidi ya shilingi 2,700 kwa mwezi kwa balbu moja.

5. Friji. Mwenye nyumba azime kila kitu isipokuwa friji saa nne usiku na kuandika uniti zilizobaki. Asubuhi saa kumi na mbili aandike tena. Hizo ni saa nane. Zidisha kwa tatu upate makadirio ya siku. Mchana hutumia zaidi kwa sababu ya joto na kufunguliwafunguliwa, hasa Septemba na Oktoba zetu hizi.

Kisha toeni ile noti. Iwekeni katikati ya mlango wa friji na fremu, fungeni, halafu mvute. Ikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango umelegea na baridi inatoka usiku na mchana. Pimeni pande zote nne, maana mara nyingi ni kona ya chini tu. Kabla ya kununua mpira mpya, usafisheni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Uchafu wa soda na mafuta peke yake huuzuia kushika. Isogezeni friji mbali na ukuta kiasi cha kiganja, na mbali kabisa na jiko. Barafu ikizidi unene wa kidole kwenye friza, iyeyushwe. Msiibandue kwa kisu, mtatoboa bomba la gesi.

6. Shindano la mkaa. Umeme ndio watu huuliza kwanza, lakini kwenye nyumba nyingi za Tabora hela inayoungua ni ya mkaa. Na siyo hela tu. Mjomba wangu ni mfugaji wa nyuki. Miti ya miyombo aliyokuwa akitundikia mizinga alipokuwa kijana, sasa anaifuata kwa baiskeli nusu siku. Tumbaku imekula sehemu yake kwenye mabani ya kuikaushia, nasi tumekula yetu jikoni.

Waombeni mama lishe wawili wapike hadharani, siku ya gulio kama inawezekana:

a) Lowekeni maharage ya aina moja usiku kucha. Asubuhi mwageni maji yale, mgawe nusu kilo kwa kila sufuria, na maji mapya ya kiasi sawa.
b) Pimeni mkaa uzito mmoja kwa kila jiko, kutoka gunia moja.
c) Wekeni majiko yote mawili mahali pasipo upepo. Jiko moja likikaa upenuni na jingine kwenye upepo, mmepima upepo.
d) Washeni pamoja, funikeni sufuria zote.
e) Bibi mmoja asiye wa kamati ndiye aseme yameiva. Akishasema, mkaa uliobaki umwageni ndani ya kopo la bati na mfunike. Msimwagie maji, mtaongeza uzito.
f) Ukipoa, pimeni. Toa uliobaki kwenye ule wa mwanzo.

Rudieni siku tatu tofauti na mwandike zote, hata siku ambayo jiko banifu halikufanya vizuri. Tulifanya kosa la kuficha matokeo ya siku moja ambayo mkaa ulikuwa na unyevu, na mtu mmoja aliyekuwepo akatuumbua mbele ya watu.

Siku moja fanyeni shindano lenye majiko yanayofanana: sufuria moja yenye mfuniko na nyingine wazi, au maharage yaliyolowekwa na yasiyolowekwa. Watu huondoka na hilo mara moja, maana mfuniko wanao tayari nyumbani.

7. Kapu. Hili ni langu la moyoni. Kapu kubwa linatandikwa ndani blanketi, matambara au majani makavu ya mgomba, nene kiasi cha kiganja kila upande na chini. Sufuria ikichemka, unaiingiza na mfuniko wake, unafunika juu kwa mto au blanketi, unaenda shambani. Joto lililomo ndilo linaloivisha.

Maharage yaliyolowekwa yachemke kwa nguvu dakika 15 hadi 20 motoni kwanza. Usipunguze hapo, hasa maharage mekundu, kwa sababu yana sumu ya asili inayokufa kwa kuchemka kweli kweli tu, na uvuguvugu wa kapu hauiui. Kisha saa tatu au nne ndani ya kapu. Mchele uchemke dakika tano, ukae kapuni kama dakika 40. Hata matobolwa ya karanga, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, hutoka laini.

Sufuria iwe imejaa zaidi ya nusu, maana chakula kidogo hupoa upesi. Usifungue kuchungulia. Chakula cha nyama usikiache humo siku nzima. Baada ya saa nne kitoe, kichemshe tena, mle.

8. Nendeni walipo watu. VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, vina siku zao, vyama vya msingi vya tumbaku vina mikutano yao, kanisani na msikitini kuna matangazo. Ombeni dakika kumi, si saa. Pimeni kifaa kwenye mita ya hapo hapo, au nendeni na majiko, kisha mwalike familia tatu tu zitembelewe. Familia tatu mnazozirudia baada ya mwezi zina thamani kuliko hamsini mlizozisalimia.

9. Rudini baada ya mwezi. Nyumba ile ile, mita ile ile, daftari lile lile. Linganisheni uniti, si hela, kwa sababu hela huchanganywa na kodi na madeni. Mwenye nyumba akikubali, takwimu zake zisomwe kwenye mkutano unaofuata, na azisome yeye mwenyewe.

Mkishazoea, ndipo mguse shule na zahanati. Serikali ilielekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mwalimu mkuu anayajua haya. Asichokuwa nacho ni hesabu ya kuni anazotumia. Mpelekeeni hiyo.

Yakiwakwama

*Wapangaji wanagombana juu ya mita moja.* Hili mtalikuta kila nyumba ya tatu. Vyumba sita kwenye mita moja vikijumlishwa vinavuka 75 kwa urahisi, na wote wanalipa bei ya juu hata yule mwenye balbu moja. Pimeni vifaa vya kila chumba mbele ya wote, mwandike wati na saa za kutumia, wagawane kwa uwiano huo badala ya kwa vichwa. La kudumu zaidi ni kila mpangaji kufungiwa mita yake kwa ridhaa ya mwenye nyumba, au fundi mwenye leseni aweke mita za ndani.

*Taa ya mita inapepesa na kila kitu kimezimwa.* Zima swichi kuu. Ikiacha kupepesa, umeme unavuja ndani ya nyumba: mwiteni fundi, na msichokonoe wenyewe. Ikiendelea, mwenye nyumba atoe taarifa TANESCO. Kumbuka kuna mita ambazo taa hubaki imewaka tu bila kupepesa pasipokuwa na matumizi. Hiyo si hitilafu.

*Mtu anawaomba "mmsaidie" kuchezea mita.* Kataeni siku hiyo hiyo na mwondoke. Ni kosa la jinai, na jina la kamati likichafuka hapo halisafishiki.

*Jiko banifu limepasuka udongo.* Ufa mdogo zibeni kwa udongo wa kichuguu uliokandwa na majivu, ukauke kivulini siku kadhaa kabla ya kuwashwa. Ukiwa umevunjika vipande, badilisheni sehemu ya ndani.

*Watu wanalihamishia jiko chumbani ili walale na joto.* Juni na Julai Tabora ina baridi, na jiko banifu hukaa na moto muda mrefu, kwa hiyo kishawishi ni kikubwa. Semeni wazi kila mnapokwenda: moshi wa mkaa usioonekana huua watu usingizini. Jiko lolote la mkaa libaki nje.

*Mtu anauliza kama kupikia umeme ni anasa.* Pimeni. Jiko la presha la umeme la wati 1,000 haliwezi kuzidi uniti moja kwa saa, na huwa linajizima katikati. Uniti moja ni 356 kwa bei ya kawaida. Mwekeeni kando yake bei ya kopo la mkaa la mtaa wake, aamue.

*Wajumbe wanaacha kuandika.* Wiki ya tatu hivi hutokea. Sisi tulihamisha kikao kutoka ofisi ya kata kwenda uani kwa wajumbe kwa zamu, na kikao huanza kwa mwenyeji kwenda kwenye mita yake, kusoma uniti kwa sauti, na katibu kuandika.